Ada ya Medigap Ikipanda, Wakala Anakula Nini?

"Shikamoo. Mimi ni wakala wa bima hapa Dallas, huu ni mwaka wangu wa nne, na wateja wangu wengi ni wazee wetu wa Afrika Mashariki. Miaka mitatu iliyopita nilimkatia mama mmoja Medigap, ile bima ya ziada inayolipa kinachoachwa na Medicare, bima ya serikali ya wazee; aina yake ni Plan G, kwa dola 120 kwa mwezi. Juzi kapata barua: kuanzia mwezi ujao atalipa 168. Kanipigia simu analia, na kanisani wapo waliosema ongezeko lile nalila mimi. Kamisheni yangu haijapanda hata senti, ila sijui kwa nini, kwa hiyo nimeshindwa kujitetea. Mwenzangu mmoja ananishauri niwe nawahamisha wateja wote kila baada ya miaka miwili. Mwingine ananiambia niachane na Medigap, niuze Advantage, ile mipango ya kampuni binafsi inayochukua nafasi ya Medicare ya serikali, pesa ziko huko. Nifanye nini? Na mama nimwambie nini?"

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, nikaona mna maswali mawili yaliyovaa kanzu moja. Kuna la mama, kwamba bei imepanda kwa nini na afanyeje. Na kuna lako, kwamba katika biashara hii utakula nini. Yanafungamana zaidi ya unavyodhani, ila ukiyajibu kwa pamoja utajikuta unamshauri mama kwa kuangalia mfuko wako. Tuyatenganishe kwanza.

Nianze na maneno ya kanisani, maana naona ndiyo yanayokuuma. Mikataba mingi ya Medigap humpa wakala asilimia fulani ya ada, mara nyingi karibu 20, kwa miaka sita ya mwanzo. Watu wanasikia "asilimia ya ada" wanahitimisha kwamba ada ikipanda na wakala anapanda. Lakini fungua ile ratiba ya kamisheni iliyobanwa nyuma ya mkataba wako, ile ambayo wengi tunaitia saini bila kuisoma. Kampuni nyingi zimeandika kwamba asilimia hiyo inahesabiwa kwa ada ya siku ya kwanza, na ongezeko lolote la baadaye halimo. Kwa hiyo mama alipoanza na dola 120 kwa mwezi, yaani 1,440 kwa mwaka, fungu lako kwa asilimia 20 lilikuwa 288. Kuanzia mwezi ujao atalipa 2,016 kwa mwaka, na fungu lako ni lile lile 288. Ukilipima dhidi ya hiyo ada mpya, umeshuka mpaka kama asilimia 14. Zipo kampuni chache zinazolipa kwa ada mpya, ndiyo maana nakuomba usiape mbele ya watu kabla hujausoma mkataba wako.

Ukishausoma, huna haja ya kujitetea madhabahuni. Mwonyeshe mama taarifa yako ya kamisheni, dola 24 za mwezi wa kwanza na dola 24 za mwezi huu. Yeye ndiye atakayewajibu wengine.

Basi dola 48 zimetoka wapi? Kumbuka Medigap ni nini hasa. Medicare ya serikali, kwenye Part B, sehemu ya madaktari, ikishakubali bili ya daktari hulipa asilimia 80, na 20 inayobaki haina kikomo. Kwenye Part A, sehemu ya hospitali, ukilazwa unatangulia kulipa mwenyewe kiasi ambacho mwaka 2020 kilikuwa dola 1,408 na mwaka huu wa 2026 ni 1,736. Plan G inayabeba hayo karibu yote, isipokuwa dola 283 za mwanzo wa mwaka za Part B. Kwa hiyo kila bei ya matibabu inapopanda, na kila wazee wanapoenda hospitali zaidi, mzigo wa Medigap unapanda wenyewe hata kama kampuni haijaongeza faida hata thumni. Halafu kuna umri. Sera nyingi, yaani mikataba ya bima ya wateja, hapo Texas zinapangiwa bei kwa umri uliofikia, yaani kila siku ya kuzaliwa ina gharama yake. Na pengine mama alianza na punguzo la kujiunga linaloyeyuka mwaka hadi mwaka bila mtu kumkumbusha. Kuruka kutoka 120 mpaka 168 kunatisha kukitajwa kwa mkupuo, lakini panda kwa asilimia 8, kisha 10, kisha 18, utafika hapo hapo. Huenda barua mbili za mwanzo hakuzifungua.

Ila sababu ambayo wateja hawaielezwi, na ambayo sisi mawakala tumo ndani yake, ni kapu.

Kampuni haikupangii bei peke yako. Inakutia kwenye kapu na wenzako mlionunua sera ya aina moja katika jimbo moja. Kapu likiwa jipya, wengi waliomo wamejibu juzi tu maswali ya afya ambayo kampuni huuliza kabla ya kumkubali mtu, ni wazima, bili ni chache na bei ni tamu. Baada ya miaka mitatu minne uzima ule wa siku ya kwanza umekwisha. Huyu kapata kisukari, yule kabadilishiwa goti. Bei inapanda. Ikipanda, wenye afya wanahamia kampuni nyingine kwa sababu wanaweza, na wagonjwa wanabaki kwa sababu hawawezi. Kapu linakuwa na wagonjwa zaidi, bei inapanda tena, waliobaki na nguvu wanatoka. Wakati mwingine kampuni inalifunga kapu hilo kabisa, haimwuzii mtu mpya, halafu inafungua jingine chini ya kampuni-tanzu yenye jina geni na bei ya kuvutia. Wewe na mimi tunatumiwa barua pepe ya shangwe: bidhaa mpya, Plan G, bei ya chini Texas nzima.

Sasa rudi kwa mwenzako anayekuambia uwahamishe wote kila baada ya miaka miwili. Yeye na wenzake ndio mkono unaochota wazima kutoka kwenye kapu. Barua aliyoletewa mama yako, kwa sehemu yake, ni matokeo ya ushauri huo huo uliotolewa kwenye meza nyingine.

Kuna jambo lingine linalounganisha ada yake na kamisheni yako. Sheria inataka angalau senti 65 za kila dola ya sera za mtu binafsi ziende kwenye matibabu ya wateja. Uendeshaji, matangazo, kamisheni na faida vinagombea senti 35 zinazobaki. Bili za hospitali zikivimba, fungu linalobanwa kwanza ni lile ambalo kampuni inaweza kulibana bila kibali cha mtu, nalo ni lako. Ndiyo maana unaona matangazo ya kampuni kushusha kamisheni kwa biashara mpya, au kulipa kidogo sana, pengine bila kulipa kabisa, kwa mteja aliyeingia bila kuulizwa maswali ya afya. Wateja waliokwisha kuvuka miaka 80 nao mara nyingi wana kiwango chao cha chini. Wengi wanaiona hii kama dharau kwa mawakala. Mimi naiona kama kipimajoto. Kampuni inayokulipa zaidi ya wenzake wote leo inataka kujaza kapu haraka, na kapu lililojazwa haraka kwa bei ya chini ndilo nililokueleza litafika wapi.

Hapa tufike kwenye kishawishi chenyewe, maana hujakitaja ila nakiona. Miaka sita ikiisha, kamisheni ya mama kwenye mikataba mingi itashuka mpaka asilimia chache au kukatika. Ukimhamishia kampuni mpya kwa dola 130, unapata 312 kwa mwaka, na saa ya miaka sita inaanza upya. Mama anaokoa dola 38 kwa mwezi, wewe unapata zaidi, kila mtu anacheka. Sitakuambia ni dhambi. Mara nyingi ni jambo jema kweli. Kanuni ya mfano ya wasimamizi wa bima, ambayo majimbo mengi yameifuata, inasema kamisheni ya mwaka wa kwanza isizidi mara mbili ya ile ya mwaka wa pili, na kwamba ukibadilisha sera iliyopo usilipwe zaidi ya kile kampuni mpya inachowalipa mawakala kwa sera zinazohuishwa. Wasimamizi walitaka kuondoa hamu ya kuhamisha watu ovyo. Lakini kamisheni ikiwa tambarare kwa miaka sita, kanuni hiyo haina meno mengi, kwa sababu mwaka wa kwanza na wa pili vinalipwa sawa. Meno yaliyobaki ni dhamiri yako na ile fomu ya kubadilisha sera anayotakiwa mteja kuitia saini.

Na usisahau upande wa pili wa hesabu. Kama kampuni inakutangulizia kamisheni ya mwaka mzima, hizo 312 ni mkopo. Mama akiondoka mwezi wa nne, miezi minane iliyobaki kwa dola 26 kila mmoja, yaani 208, inakatwa kwenye malipo yako yajayo. Mimi mwaka wangu wa tatu niliwahamisha wateja kumi na mmoja ndani ya mwezi mmoja kwenda kampuni moja yenye bei ya kutupa. Nilijiona mjanja. Miezi kumi na minane baadaye bei ilipanda kuliko kule walikotoka. Saba walikuwa bado wazima, wakahama tena, safari hii na wakala mwingine, na siwalaumu. Wanne hawakuweza kutoka. Mmoja wao, mzee wa Tanga, bado ni mteja wangu, na kila Januari nikimpigia simu ananiuliza kwa upole, "Ile ya zamani sasa ni shilingi ngapi?" Anasema shilingi. Ile ya zamani sasa ni nafuu kuliko yake, naye anajua.

Kwa hiyo bei mpya haitangulii. Kinachotangulia ni afya. Nenda kwa mama, usimalize mambo haya kwa simu. Mwambie atoe dawa zote mezani, zile za kwenye kisanduku cha siku saba na zile za kwenye friji. Andika jina la kila dawa na kipimo chake. Halafu msomee maswali ya fomu polepole kwa Kiswahili, hasa lile linalouliza kama katika miaka miwili iliyopita daktari amemshauri upasuaji, kipimo au tiba ambayo bado haijafanyika. Hapo ndipo wazee wetu wanapojikwaa. Atakuambia hana ugonjwa wowote, halafu dakika kumi baadaye ataje kwamba daktari alisema jicho la kushoto lifanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho, ila anasubiri kwanza arudi Mombasa. Kwa mama hilo si ugonjwa. Kwa kampuni ni sababu ya kumkataa. Na ukijibu "hapana" kwa niaba yake ili fomu ipite, hujamsaidia. Bili kubwa ikija watachunguza, na sera inaweza kufutwa wakati anaihitaji kuliko siku zote.

Maswali hayo yapo kwa sababu ule muda wake wa bure umepita. Mtu akifika 65 na akiwa na Part B ana miezi sita ya kununua Medigap yoyote bila kuulizwa afya. Texas haina kanuni kama ya California, ambako siku ya kuzaliwa inakufungulia mlango kila mwaka, wala ya Missouri inayofuata tarehe ya kuanza kwa sera. Wateja wengi, na nimewasikia mawakala pia, wanadhani Oktoba 15 mpaka Desemba 7 ndio msimu wa kubadilisha Medigap. Sivyo, huo ni wa Advantage na bima ya dawa ya Part D. Medigap unaweza kuomba kubadilisha mwezi wowote, mradi upite kwenye maswali.

Akipita na akakubaliwa kwa maandishi, hapo ndipo mnaweza kuifuta ya zamani, si kabla. Ana siku 30 za kuijaribu mpya na kuirudisha. Usimwache akae hata siku moja bila bima kwa sababu ya kuokoa ada ya mwezi mmoja.

Asipopita, bado si mwisho wa dunia, na tafadhali mwambie hivyo mapema maana ataanza kulia tena. Kampuni haiwezi kumfukuza kwa ugonjwa wake maadamu analipa, na haiwezi kumpandishia yeye peke yake kwa sababu kaugua. Inapandisha kapu zima. Uliza kampuni yake kama itamruhusu kushuka kwenda Plan N kwa masharti mepesi. Huko atalipa mpaka dola 20 akimwona daktari na mpaka 50 akienda chumba cha dharura bila kulazwa, ila ada ya mwezi ni ndogo. Ipo pia Plan G ya kianzio kikubwa, ambayo mwaka huu mteja hubeba mwenyewe mpaka dola 2,950 kabla bima haijaanza kulipa. Kwa mtu mwenye akiba ya kubeba kiasi hicho na afya ya wastani inaweza kuwa chaguo zuri sana, na ada yake ni ndogo mno. Ukijiuliza kwa nini mawakala hawaitaji, piga asilimia 20 ya ada ndogo mno.

Kabla ya yote hayo, muulize kipato chake. Wazee wetu wengi wanajibana kulipa Medigap huku wanastahili msaada wa serikali unaowalipia ada ya Part B, ambayo mwaka huu ni dola 202.90 kwa mwezi, na kwa wenye kipato cha chini zaidi unalipia hata zile gharama ambazo Medigap ingezilipa. Anayelipiwa mpaka gharama hizo hahitaji sera yako. Utapoteza 288 kwa mwaka, na jina lako kanisani litasafika kuliko hotuba yoyote.

Sasa Advantage. Mwenzako wa pili hajakudanganya kuhusu pesa. Serikali huweka kikomo cha kamisheni, na mwaka 2026 katika majimbo mengi ni dola 694 kwa mwaka wa kwanza na 347 kila mwaka mteja anapobaki. Kwa miaka sita inafika 2,429, wakati Medigap inayokupa dola 312 kwa mwaka inafika 1,872, na ile ya Advantage haikomi mwaka wa sita. Ila kampuni kadhaa zimeanza kuondoa kamisheni kwenye baadhi ya mipango yao ya Advantage, kwa hiyo usijenge nyumba juu ya mchanga wa mwaka mmoja. Na kwa mama, Advantage ina mtandao wake wa madaktari, ina vibali vya kuomba kabla ya tiba, na akiisha kuiacha Medigap kurudi si rahisi. Anayeiacha kwa mara ya kwanza kwenda kujaribu Advantage ana miezi 12 ya kurudi kwenye sera yake kama bado inauzwa. Baada ya hapo ni maswali ya afya tena.

Muulize pia kama huwa anakwenda nyumbani. Plan G, na N vilevile, hulipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura nje ya Marekani baada ya dola 250 za mwanzo, kwa siku 60 za kwanza za safari, na kikomo cha dola 50,000 maisha yote. Kwa mtu anayekaa Mombasa mwezi mmoja kila mwaka hilo si jambo la pembeni. Mipango mingine ya Advantage ina dharura za nje na mingine haina, kwa hiyo soma kitabu cha mpango wenyewe.

Wewe binafsi nakushauri usiache Medigap, na usiuze Medigap pekee. Mwite kila mteja mara moja kwa mwaka, mwezi mmoja kabla ya tarehe ya kupanda kwa ada, kabla barua haijamfikia. Anayesikia habari mbaya kwako kwanza hakutuhumu. Hamisha yule anayefaa kuhama, na andika kwenye daftari sababu yake kwa sentensi moja ambayo usingeona haya mkaguzi wa jimbo akiisoma. Kama sentensi hiyo haiandikiki, usimhamishe.

Kuna mambo ambayo mimi siwezi kukusaidia kutoka huku. Kama mkataba wako hausemi wazi iwapo kamisheni zitabaki zako ukihama shirika, au unadaiwa marejesho usiyoyaelewa, mpelekee mwanasheria karatasi zenyewe, usinipigie picha za simu. Kama unahisi kuna anayewahamisha wazee kwa maelezo ya uongo, peleka malalamiko idara ya bima ya Texas. Na mama, kama bado ana wasiwasi kwamba unamvutia upande wako, mpe namba ya washauri wa bure wa Medicare wa jimbo, wale wa SHIP, ambao hawauzi kitu wala hawalipwi kamisheni. Mpeleke mwenyewe, kaa naye akihitaji mkalimani, na uwaachie wao waongee.

Mpigie leo jioni, kabla ada mpya haijakatwa benki. Mwambie asifute chochote, na kwamba Jumamosi unakwenda kwake kuziangalia dawa.